Saa Zangu Mbili za Kunyonyesha

Menija wetu alikuwa mtu mwema. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii watu hutafuta wa kumlaumu, na wa kwanza kukodolewa macho huwa ni yeye. Siku niliyorudi kazini kutoka likizo ya uzazi aliniita ofisini, akanivutia kiti, akaniuliza hali ya mtoto. Kisha akaniambia, uso umemchangamka kama mtu anayetoa zawadi, kwamba sheria inanipa saa mbili kila siku za kunyonyesha mpaka mtoto atimize miezi sita, na kwamba maadamu yeye yupo hakuna atakayezigusa.

"Ni haki yako, dada," alisema. "Chagua mwenyewe unazitaka muda gani. Asubuhi, mchana, au uzigawe."

Nilimshukuru. Ningesema nini? Ofisi ile ilikuwa juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, nje ukungu umetanda hata bustani haionekani, na mwanangu alikuwa Karatu kwa mama yangu, chini kabisa, ng'ambo ya msitu, ng'ambo ya geti la hifadhi na kona zake zote. Kwa miguu huruhusiwi kwenda popote, maana nyati hawaulizi mtu anakwenda kwa nani. Gari la wafanyakazi lilishuka siku za kubadilishana zamu tu. Nikasema basi nizigawe, moja asubuhi na moja mchana, nikatoka ofisini na saa zangu mbili bila mtoto wa kumnyonyesha.

Hoteli za kule juu zinakwenda hivyo. Unapanda na gari la wafanyakazi ukiwa na begi na sweta mbili, unakaa wiki nyingi mfululizo ukilala kwota nyuma ya hoteli, halafu unashuka ofu siku chache na kupanda tena. Mtoto haruhusiwi kwota, na kusema kweli kwota zile hazikuwa mahali pa mtoto. Mimi nilikuwa dobi. Mashuka ya wageni, taulo, vitambaa vya meza, sare za wahudumu, vyote vilipita mikononi mwangu, na chumba chetu cha kufulia ndicho mahali pekee pa hoteli ile palipokuwa na joto la kweli.

Watu waliniuliza kwa nini nisiache kazi. Waliniuliza wakiwa wamekalia viti nilivyonunua kwa kazi hiyo hiyo, wanakunywa chai yenye sukari ya kazi hiyo hiyo. Baba wa mtoto alikuwa Mirerani akichimba, na machimbo yana tabia ya kuahidi. Basi nisiendelee na hilo, nitakasirika bure.

Nesi wa kliniki ya Karatu alinifundisha vizuri. Huyu naye nisimsingizie. Alikuwa mama mtu mzima, ana mikono ya joto, na tangu nilipojifungua alinihimiza jambo moja tu: maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji asipewe. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mwanangu alinyonya hadi mashavu yakamning'inia, na majirani walipompokea mikononi walijifanya wanaelemewa na uzito. Likizo ilipokaribia kwisha nilimwuliza nesi, na kama mama yuko juu kwenye hoteli? Akafunga mlango, akanionyesha jinsi ya kukamua kwa mkono, kidole hiki hapa na hiki hapa, akaniambia niweke kwenye chombo safi chenye kifuniko, nihifadhi kwenye friji, na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Hakuna hata kimoja alichokosea. Ila alimfundisha aliyekuwa mbele yake, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mimi.

Sehemu yangu ya kunyonyeshea ilikuwa stoo ya mashuka. Menija mwenyewe alikuja na fundi akaweka komeo kwa ndani. Niliketi juu ya furushi la mashuka safi, bakuli mapajani, dirisha dogo juu ya kichwa changu likitazama uani, ambako watu waliingia na kutoka jikoni. Siku ya kwanza kifua kilikuwa kigumu kama ugali wa jana, kinauma mpaka kwapani, nami nikakamua na kukamua na halikutoka tone. Mwili haukuwa mjinga. Ulijua hakuna mtoto pale.

Ndipo mtoto akalia.

Alilia chini ya dirisha, kilio kile kikavu cha njaa, na kabla sijafikiri lolote maziwa yakafunguka pande zote mbili, yakalowesha sare, yakalowesha shuka. Nikadaka bakuli nikicheka na kulia kwa pamoja. Nilipomaliza nilitoka nje kumtafuta huyo aliyenisaidia. Alikuwa mgongoni mwa mwanamke wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa ya ng'ombe ya kantini ya wafanyakazi. Mwanamke huyo alizaliwa kijiji cha Kakesio, akaolewa kwenye boma la karibu na hoteli, na mtoto wake alilingana umri na wangu. Wakati mpishi akimimina maziwa kwenye sufuria yake, yeye alimzungusha mtoto mbele, akampa titi hapo hapo amesimama, akaendelea kubishana na mpishi kwamba jana alipunjwa.

Aliiona sare yangu. Mwanamke yeyote angeiona.

"Yako iko wapi?" aliniuliza.

"Karatu, kwa bibi yake."

"Na maziwa yake iko huku?"

"Yako huku."

Alicheka sana, bangili zake zikalia. Halafu akaacha kucheka, akanitazama kama mtu aliyeambiwa msiba uliochelewa kumfikia. "Sasa yeye nakunywa nini?"

Nilimweleza mpango wangu. Niliujua kwa ufasaha kwa sababu nilikuwa nimeuota siku nyingi. Kuna dereva mmoja, mtu wa kwetu Karatu, aliyeleta wageni wa kampuni ya Arusha. Wageni wakishalala hotelini, asubuhi anawateremsha kreta kutazama wanyama, na mchana anawapandisha na kushuka nao Karatu. Ana boksi kubwa la barafu la soda na maji ya wageni. Chupa yangu ingelala friji ya kantini, asubuhi ingeingia chini ya soda, ingeteremka kreta, ingetazama vifaru pamoja na Wazungu, na alasiri ingefika kwa mama yangu, ambaye nyumba yake iko kando ya barabara kuu. Siku ambazo yeye hayupo, angepokezana na wenzake. Madereva wale wanajuana kama ndugu.

"Maziwa yako natembea kuliko wewe," alisema mama wa Kakesio.

Ikaenda hivyo, na kwa muda ikaenda vizuri. Dereva alipofika kwetu alipiga honi mara mbili, na Ayo akatoka mbio na kitenge chake. Ayo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw, na wangu mimi ni Ayo kwelikweli, hana utani na mtoto. Jioni kabla giza halijaingia nilikwenda kusimama kando ya tangi la maji, mahali pekee palipokuwa na mtandao wa kutosha, nikampigia.

"Imefika?"

"Imefika."

"Amekunywa?"

"Amekunywa, amelamba na midomo."

Nilirudi kwota natembea kama mwenye hoteli. Wenzangu wa chumba cha kufulia waliniita Bi Kiwanda, wakaniuliza kama nitaanza kuuza Arusha. Hausikipa alinipunguzia mzigo wa mashuka ili nisichelewe saa zangu. Mpishi aliifunika chupa yangu kwa bakuli la bati ili mtu asije akaitia kwenye chai. Siku moja menija alinipita kwenye korido akaniuliza, "Dada, mtoto ananyonya?" Nikamjibu ananyonya, na nilikuwa nasema kweli kwa jinsi nilivyoijua.

Kisha Ayo akaanza kusema mtoto amekuwa mwepesi. Alisema kwanza kama utani, kwamba sasa anaweza kumbeba huku anachota maji. Halafu akasema nesi amempima na hakufurahi. Halafu, jioni moja, sauti yake ikawa ya kuzungukazunguka, sauti anayotumia akitaka kukuambia una kasoro bila kukuumiza.

"Mwanangu, hayo maziwa yako ni mepesi mno. Labda hauli vizuri huko. Nikiyachemsha yanakauka, yanashika pembeni ya sufuria, yanabaki kidogo tu chini."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Upepo wa juu ulikuwa mkali na tangi lilikuwa linanguruma.

"Unayachemsha, Ayo?"

"Sasa nimpe mabichi?"

Mtu asiyetoka kwetu hataelewa. Nyumbani kwetu maziwa mabichi ni kitu cha kutisha. Tangu sisi wadogo bwana mifugo alipita akasema chemsheni, bwana afya akaja akasema chemsheni, mchungaji akatangaza kanisani baada ya mahubiri, redio ikaimba. Mjomba wangu alilala na homa ya maziwa mwaka mzima, akainuka viungo vyote vinamuuma, hajapona mpaka leo. Ayo hampi maziwa mabichi hata paka. Na hapa imemfikia chupa iliyotoka mbali, imeteremka kreta na kupanda, imepita mikono ya madereva, nayo ni chakula cha mjukuu wake wa pekee. Alifanya alichofundishwa na kila aliyewahi kumfundisha. Aliyachemsha mpaka yakapanda, akayashusha, akayarudisha yapande tena kwa usalama zaidi.

Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, na wahudumu waliokuwa wanapita na mashuka wakageuka kunitazama. Yeye hakujibu kwa ukali. Alisema tu, "Ninyi nyote niliwalea kwa maziwa ya kuchemsha," na nyuma yake nikamsikia mwanangu analia, na maziwa yakafunguka, yakanitiririka mpaka kiunoni kwenye upepo ule wa baridi. Sikuwa na bakuli. Nilikuwa na simu tu.

Tuliyamaliza. Nilimweleza ayapashe kwa kuiweka chupa kwenye maji ya moto, naye alikubali mara moja, akaniomba msamaha, jambo lililoniumiza kuliko yote. Kwa siku chache honi zikapigwa, kikombe kikanyweka, mtoto akaanza kurudisha mwili. Halafu mvua zikaja, wageni wakapungua, na madereva waliobaki wakawa hawana uhakika wa safari zao.

Siku moja yule dereva wetu alichukua chupa kama kawaida. Wageni wake, wakiwa kule chini ndani ya kreta, wakaamua hawataki tena kurudi Karatu. Mvua imewaharibia kutazama simba, wanataka kwenda Serengeti, na wana pesa ya kutaka hivyo. Dereva hana kauli mbele ya mgeni. Alipanda upande wa pili akashika njia ya Seronera na maziwa ya mwanangu chini ya soda. Alinipigia alipopata mtandao, anakaribia kulia, mtu mzima yule.

"Dada, nisamehe. Maziwa yamelala Serengeti."

Ayo alisimama barabarani mpaka magari ya watalii yakaisha. Kila gari lililofanana na la dereva wetu lilipopita alinyoosha mkono. Mtoto alikuwa mgongoni mwake analia kwa njaa, na mimi nilikuwa kando ya tangi nikisema subiri, labda wamechelewa getini, subiri kidogo. Mwishoni jirani akatoka na kikombe cha maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa vizuri na kupozwa. Ayo aliniuliza. Nataka ijulikane kwamba aliniuliza. Alisema, "Nifanyeje, mwanangu?"

"Amekunywa yote," alinipigia baadaye, na furaha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. "Amekunywa hadi akalala na kikombe mdomoni."

Nilipaswa kushukuru kwamba ameshiba. Sikushukuru. Nilimwonea ng'ombe wa jirani wivu kama mwanamke anavyomwonea mke mwenza.

Tangu siku hiyo Ayo aliweka maziwa ya ng'ombe tayari kila siku, kwa tahadhari, na chupa yangu ikifika ilikuta mtoto ameshiba. Ningemkatazaje? Alikuwa na mtoto mwenye njaa mikononi na mimi nilikuwa na maneno. Nami huku juu nikaanza kuumwa. Titi la kushoto lilivimba, likawa jekundu na la moto, homa ikanishika katikati ya kupiga pasi mashuka. Mhudumu wa huduma ya kwanza alinipa dawa ya maumivu, akasema kwa haya, bila kunitazama, kwamba mambo hayo ni ya hospitali. Menija alisema nitashuka na gari la kwanza la zamu, na lilikuwa bado siku kadhaa. Alitaka hata kunitafutia nafasi kwenye gari la wageni, lakini barabara ilikuwa inateleza na magari yaliyopita yalijaa.

Mchana ule nikaenda tangini kumpigia nesi. Mama wa Kakesio alikuwa pale anasuuza vyombo vyake vya maziwa, mtoto mgongoni. Niliweka sauti ya nje kwa sababu nilikuwa natetemeka, siwezi kushika simu sikioni.

Nesi alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mama. Chukua kitambaa cha maji ya moto, kandakanda. Halafu mweke mtoto kwenye titi hilo hilo linalouma, mara kwa mara, mchana na usiku, usimwachishe. Mtoto ndiye anayelizibua. Dawa nitakupa ukija, lakini dawa kubwa ni mtoto."

"Mtoto hayupo, nesi. Nilikuambia nipo juu."

Nilimsikia akimwambia mtu mwingine asubiri nje. "Basi jaribu kukamua," alisema, na sauti yake ilikuwa imeishiwa.

Mama wa Kakesio aliacha kusuuza. Alikuwa amesikia yote. Alifungua shuka lake, akamtoa mtoto wake, akamfuta mdomo kwa kidole, akamnyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Chukua hii," alisema. "Hii iko na nguvu. Natoa yote."

Sijui nitamwelezaje mtu asiyewahi kuumwa vile. Mtoto yule alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anatafuta, na mwili wangu mzima ulimwendea. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kifungo cha sare. Mama yake alikuwa ananiashiria kwa kichwa, chukua, chukua, hakuna neno. Na kutoka kwenye simu iliyokuwa juu ya ukuta wa tangi nesi akasema, kwa haraka na kwa woga, "Hapana! Msinyonyesheane watoto, mama, tulishafundisha, magonjwa haya, hapana."

Alikuwa sahihi tena. Mimi mwenyewe nililifahamu somo hilo, niliwahi kulijibu darasani kliniki nikapigiwa makofi. Nikafunga kifungo. Nikamwambia asante, dada, haifai. Hakukasirika. Alimrudisha mtoto kifuani kwake, mtoto akashika, akaanza kunyonya kwa kishindo, nasi wawili tukawa tunamtazama.

"Kwenu mambo ni ngumu," alisema.

Nilimwuliza, ili niseme kitu, yeye akivimba huwa anakwenda wapi. Akasema zamani gari la kliniki lilikuwa linafika karibu na boma lao, siku hizi linafika likitaka. Akivimba anaweka kitambaa cha moto, anamweka mtoto, basi. Kama haikupona angefanyaje, hakusema. Tulikaa pale mpaka mtoto wake akasinzia, kisha akabeba vyombo vyake akaenda.

Uvimbe ulipoa wenyewe, polepole, na ulipopoa uliondoka na maziwa ya upande ule.

Niliposhuka ofu, nilifungua kifungo cha blauzi kabla sijaketi. Ayo alikuwa amemwogesha na kumpaka mafuta, anang'aa. Hakunilia, na hilo lilinitisha. Alinitazama kwa heshima kama anavyomtazama mgeni.

"Kamua kwanza kidogo utoe hayo ya mbele," Ayo aliniambia. "Yametembea hayo, yamechoka."

Nikabonyeza pale mlangoni, nikielekeza udongoni. Ayo alinidaka mkono kwa nguvu.

"Si chini! Chini anamwaga aliyezika mtoto."

Alileta kikombe. Nikakamulia humo, matone ya kuhesabika, akayafunika na kuyaweka juu ya kabati kana kwamba ni sadaka. Kisha akaniletea mwanangu. Alishika titi, akavuta mara mbili tatu, akaliachia. Akashika tena, akavuta, akalia kwa hasira ya mtu aliyedanganywa. Kisha akageuka, akanyoosha shingo kuelekea sauti ya Ayo, na Ayo akakificha kikombe cha maziwa ya ng'ombe nyuma yake, machozi yanamtoka. Tulikuwa wanawake wawili tunamficha mtoto chakula chake.

"Mpe, Ayo," nilisema.

Nilijaribu ofu nzima. Nilikwenda kliniki, nesi akafurahi kuniona, akanipapasa mgongo, akasema yanarudi, yamewarudia wengi, nimvue nguo nimweke kifuani ngozi kwa ngozi, nilale naye, nimpe kila anapogeuza mdomo, nisichoke. Nilimwuliza itachukua muda gani. Akasema wiki mbili, tatu, ukiwa naye muda wote. Begi langu lilikuwa tayari limefungwa nyumbani. Nesi aliliona jibu usoni mwangu kabla sijasema, akainamisha kichwa, akaanza kupanga vitu mezani vilivyokuwa vimepangwa. Kila mtu katika habari hii alinisaidia. Wakati mwingine nilitamani angalau mmoja wao angekuwa mbaya, nipate wa kumtukana.

Nikapanda. Wiki ya kwanza nilikamua kikombe, iliyofuata nusu, kisha mfuniko wa chupa. Dereva alipita kuniuliza asubuhi, nikamwambia leo hakuna, kesho yake akauliza tena, mpaka akaacha kuuliza na kuanza kunisalimia tu. Ayo alisema mtoto amenenepa na ameanza kukaa mwenyewe. Nilifurahi. Nilifurahi kweli, na niliumia kweli.

Basi nikaacha kwenda stoo. Saa zangu zilipofika niliendelea kupiga pasi. Siku ya pili menija alinikuta, akakunja uso.

"Dada, hizi si saa zako?"

"Yamekauka, bosi."

Alisimama pale kati ya mvuke na mashuka, mikono haijui pa kwenda. Alisema pole. Akasema mtoto bado hajatimiza miezi sita, kwa hiyo saa ni zangu, ni haki, hakuna atakayeninyang'anya. Nikamwambia asante.

Alipoondoka, mwenzangu mmoja wa jikoni alinifuata. Alikuwa na mimba, tumbo limeanza kuinua aproni, na kwao ni Mbulu, mbali kuliko kwetu.

"Dada, usiziache," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nenda ukakae tu. Ukiziacha watasema hazina kazi, na mimi nikirudi na zangu nitakuta stoo imejazwa mashuka."

Nilitaka kumwambia zilivyo. Nilitaka kumwambia asirudi, ahamie kwingine, aolewe na mwenye hoteli. Lakini alikuwa ananitazama kwa matumaini makubwa sana, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Nikaenda. Nilifunga komeo, nikakaa juu ya furushi langu, bakuli safi mapajani ili mtu akichungulia aone kuna kazi. Huko uani mpishi alikuwa anabishana na mtu juu ya kipimo. Kisha, chini ya dirisha, mtoto wa mama wa Kakesio akalia, kilio kile kile cha njaa. Kwa mazoea niliinua mikono yote miwili nikaukandamiza kifua, kama nilivyokuwa nafanya ili sare isilowe. Nikasubiri. Mama yake alimzungusha mbele, mtoto akanyamaza, na mimi nikaendelea kushikilia sare kavu.